Shajara ya mradi: kusoma taa za akses pointi 11 za hosteli

Lengo

Jengo ni la sakafu tatu, lina akses pointi (vifaa vinavyorusha Wi-Fi) 11 na msimamizi mmoja wa zamu ambaye si fundi wa mtandao. Wi-Fi ikikatika saa nne usiku, macho yaliyopo ni ya msimamizi huyo, na chombo chake pekee ni simu. Mradi una kazi mbili. Ya kwanza ni kuandika kadi ya ukutani itakayomwezesha kueleza taa inafanya nini kwa maneno yasiyo na utata. Ya pili ni upande wetu: kujua kila tabia ya taa inaonyesha kifaa kimefika hatua ipi kati ya umeme, kuamka, kebo, usajili na kazi. Taa ya akses pointi haisemi "intaneti ipo". Inasema kifaa kimefika wapi, basi.

Siku ya 1: kuhesabu na kuandika majina

Zote zimepewa namba kwa kalamu ya wino usiofutika: A1 hadi A4 sakafu ya chini, A5 hadi A8 ghorofa ya kwanza, A9 hadi A11 ghorofa ya pili. Sita ni UniFi AC Lite za Ubiquiti, mbili ni UniFi AC Pro, mbili ni EAP za TP-Link, na A1 ni MikroTik hAP lite iliyo juu ya meza ya ofisi. Stoo kuna UniFi moja ya kizazi cha kwanza, ya akiba.

Kila moja imeshushwa na lebo ya mgongoni kusomwa. Hizi za dari huzungushwa kinyume cha saa hadi zijinasue kwenye bati lake. Tumenakili toleo, herufi nne za mwisho za MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa), na aina ya umeme inaokubali. Hilo la mwisho ndilo lililotuchukua muda, na lilistahili. AC Lite za mwanzo zilikubali volti 24 tu, zile zinazopelekwa kwenye kebo moja kwa moja bila kuuliza. Za baadaye hukubali pia 802.3af, yaani umeme wa volti 48 hivi kutoka swichi ya kawaida ya PoE, kifaa kinachounganisha kebo za mtandao na kupitisha umeme ndani ya kebo hizohizo. Kwa sura ni pacha. Kwetu A3 na A7 ni za aina ya kwanza na zinalishwa na injekta, kisanduku kinachoingiza umeme kwenye kebo ya mtandao. Nyingine za dari zinakula kwenye swichi ya PoE.

Siku ya 2: meza ya majaribio, UniFi

AC Lite moja iliwekwa mezani, ikaunganishwa na swichi na kompyuta yenye programu ya kudhibiti, ikapitishwa kwenye kila hali huku simu ikirekodi video. Kurekodi ni lazima. Jicho hukosea mdundo, lakini video ya sekunde 30 unaweza kuirudia na kuhesabu. Punguza mwanga wa kamera kwanza kwa kugusa taa kwenye kioo na kuvuta chini, la sivyo bluu kali hutoka kama nyeupe na video nzima inakuwa ushahidi wa uongo.

Ukiipa umeme, nyeupe inaanza kupepesa. Hapo kifaa kinaamka: kinapakia mfumo wake, bado hakijatafuta mtandao. Hatua hii huchukua dakika 1 hadi 2. Kama ni mpya au imerudishwa kwenye hali ya kiwandani, nyeupe inatulia na kubaki hivyo. Maana yake: "nimeamka, sina mwenyewe, nasubiri kusajiliwa." Ikisajiliwa kwenye programu ya kudhibiti na kupokea mipangilio, inakuwa bluu iliyotulia, na hapo inafanya kazi.

Nyeupe na bluu zikipokezana, kifaa kina shughuli ambayo haipaswi kukatizwa, kwa kawaida ni kubadilishiwa fimwea, yaani programu yake ya ndani. Usichomoe, usibonyeze chochote. Umeme ukikatika katikati ya uandishi wa fimwea, kifaa kinaweza kukataa kabisa kuamka. Ndiyo maana tumeamua kubadilisha fimwea mchana tu, wakati swichi iko kwenye UPS (betri ya akiba), na akses pointi moja moja, kamwe si zote kwa pamoja.

Bluu inayopepesa haraka haraka si hitilafu. Ni mtu aliyebonyeza "tafuta kifaa" kwenye programu ili aione dari ipi ina kifaa kipi. Tumeitumia leo kuthibitisha kwamba namba za kalamu zinalingana na majina kwenye programu. Mbili zilikuwa zimebadilishana: A9 ilikuwa imeandikwa A10.

Kisha kuna hali ambayo wengi huipita bila kuiona: bluu iliyotulia inayozima kidogo mara moja moja, kama mtu anayekonyeza. Hii ni akses pointi iliyotengwa. Ina umeme, imesajiliwa, lakini haioni njia ya kutokea, kwa hiyo imezima mitandao yake yote ya Wi-Fi hadi njia ipatikane. Simu za wanafunzi haziioni kabisa. Tuliipata mezani kwa kuchomoa kebo ya rauta kwenye swichi na kuacha swichi ikiwaka. Ikitokea kwa akses pointi zote kwa wakati mmoja, usihangaike na dari. Tatizo liko kwenye rauta au kebo yake. Sababu nyingine ni rauta iliyowekewa ulinzi wa kutojibu ukaguzi: kama ufuatiliaji wa njia umewashwa kwenye programu, akses pointi huiuliza rauta "upo?", na rauta isipojibu, zinajitenga ingawa kila kitu kiko sawa.

Ile ya stoo ya kizazi cha kwanza hutumia rangi nyingine kwa mantiki ileile. Chungwa hushika nafasi ya nyeupe na kijani hushika nafasi ya bluu: chungwa inayopepesa inaamka, chungwa iliyotulia inasubiri usajili, kijani iliyotulia inafanya kazi, na zikipokezana usiguse.

Siku ya 3: maneno ya simu

Leo hakuna kifaa kilichoguswa. Tumepitia ripoti za simu za wiki zilizopita, na neno lililotawala ni "inawaka". Taa inawaka. Neno hilo linabeba taa iliyotulia, taa inayopepesa, na hata taa iliyokuwa imezima ikarudi. "Inawaka na kuzima" nalo lina shida: wengine humaanisha inapepesa kila nusu sekunde, wengine humaanisha iliwaka asubuhi ikazima mchana. Na "imezima mtandao" huwa ni simu ya mtu iliyoisha bando.

Kwa hiyo kadi itatumia maneno matano, na msimamizi ataombwa atumie hayo tu:

IMETULIA: inawaka bila kukatika kwa sekunde 10 unazozihesabu.
INAPEPESA: inazima na kuwaka kwa mdundo usiokoma.
INAKONYEZA: imetulia, kisha inazima kidogo, kisha imetulia tena.
INAPOKEZANA: rangi mbili, moja baada ya nyingine.
GIZA: hakuna taa yoyote, hata ukiziba mwanga wa dirisha kwa kiganja.

Mdundo unatajwa kwanza, rangi baadaye. Sababu ni kwamba watu wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani, au njano na kijani, ni wengi kuliko tunavyodhani, hasa wanaume, na mtu hawezi kujua hivyo kwa kuambiwa "angalia rangi". Mdundo kila mtu anauona sawa.

Kuziba mwanga kwa kiganja nako si urembo. A6 iko mbele ya dirisha la mashariki, na asubuhi pete yake ya bluu haionekani kabisa kutoka chini. Iliwahi kuripotiwa kuwa imekufa huku ikihudumia wanafunzi.

Siku ya 4: giza na sababu zake nne

Giza ndiyo ripoti inayotisha kuliko zote, na mara nyingi ndiyo nyepesi kuliko zote.

Sababu ya kwanza: taa imezimwa kwa makusudi. UniFi na EAP zina sehemu ya kuzima taa ndani ya programu ya kudhibiti. Vyumba vya kulala vya ghorofa ya pili viliwahi kulalamikia mwanga wa bluu usiku, na taa za A9 na A10 zikazimwa. Namna ya kutofautisha bila kompyuta: chomoa kebo, subiri sekunde 10, rudisha. Ikipepesa nyeupe kwa dakika moja hivi kisha ikaingia giza huku Wi-Fi ikipatikana, ni mzima. Mipangilio ndiyo iliyoizima. Ikibaki giza tangu mwanzo, haina umeme. Tumeamua A9 na A10 zirudishiwe taa na kufunikwa kwa kipande cha tepu nyeupe ya karatasi tabaka mbili. Mwanga unafifia vya kutosha mtu alale, na bado ukisimama chini yake unausoma.

Sababu ya pili: injekta imeunganishwa kinyume. Injekta ina matundu mawili, moja la kupeleka umeme kwa akses pointi lililoandikwa POE, na moja la kwenda kwenye swichi lililoandikwa LAN. Yakibadilishwa, akses pointi inakaa giza na volti 24 zinakwenda upande wa swichi au kompyuta, ambako zinaweza kuunguza tundu. Injekta zote mbili sasa zina tepu nyekundu kwenye tundu la POE na kwenye kichwa cha kebo yake.

Sababu ya tatu: akses pointi ya volti 24 tu imechomekwa kwenye swichi ya 802.3af. Swichi ya kiwango hiki haipeleki umeme kwa pupa. Kwanza hupima kwa volti ndogo, chini ya 11, ikitafuta ukinzani wa takriban omu 25,000 upande wa pili. Huo ndio wito wa "mimi nakubali PoE". Isipoupata, haipeleki kitu. Ndiyo maana A3 ikihamishiwa kwenye swichi inakaa giza, haiungui. Kinyume chake ni hatari: injekta ya volti 48 isiyouliza, ikichomekwa kwenye akses pointi ya volti 24, inaweza kuiua papo hapo. Injekta za aina hiyo zilizokuwa stoo zimefungwa kwenye mfuko wenye maandishi USITUMIE A3, A7.

Sababu ya nne ni kebo, na kebo inastahili siku yake.

Siku ya 6: A7, nyeupe isiyokoma

Ripoti: A7 "inawaka nyeupe" tangu jana. Video ya msimamizi ilionyesha zaidi ya hapo: nyeupe inapepesa kwa sekunde 50 hivi, giza la kufumba na kufumbua, kisha inapepesa tena kutoka mwanzo. Tofauti hii ni kubwa. Nyeupe inayopepesa mfululizo kwa dakika 10 bila kukatika ni kifaa kilichokwama wakati wa kuamka, na hapo unashuku fimwea. Nyeupe inayopepesa, ikazima, ikaanza upya, ni kifaa kinachoanguka na kuamka, na hapo unashuku umeme kwanza.

A7 ilishushwa ikachomekwa mezani kwa injekta yake ileile na kebo ya mita 2. Iliamka na kutulia bluu bila tatizo. Kifaa kizima, injekta nzima. Kebo yake ni mita 70.

Kipimo ni hiki, na hakihitaji kifaa cha bei. Chomoa ncha zote mbili. Upande mmoja unganisha nyaya mbili za jozi moja, mathalani ya kahawia na nyeupe-kahawia. Upande mwingine pima omu kati ya nyaya hizohizo kwa multimita, kisha toa ukinzani wa nyaya za multimita yenyewe unaoupata ukigusanisha ncha zake. Shaba safi ya unene wa kawaida wa kebo za mtandao, geji 24, ina omu 0.084 kwa mita. Mita 70 kwenda na kurudi ni omu 11.8. Jozi ya bluu ya A7 ilisoma 18.9. Ilipokwanguliwa kwa wembe, waya ulikuwa mweupe ndani: alumini iliyopakwa shaba juu. Kwenye ganda imeandikwa Cat6. Jozi ya kahawia haikusoma kitu hadi kichwa kilipobanwa kwa kidole. Waya mmoja ulikuwa haugusi vizuri meno ya kichwa. Alumini hufanya hivyo: hulainika chini ya mbano, hushika kutu ya juu juu, na mguso unalegea baada ya miezi.

Sasa hesabu inajieleza. Volti 24 za injekta hupita nyaya 4 na 5 (jozi ya bluu) zikienda, 7 na 8 (jozi ya kahawia) zikirudi. AC Lite ikila wati 6.5, kwa shaba safi ya mita 70 ingepata volti 22.3. Kwa alumini nzima ingepata 21. Kwa alumini yenye waya mmoja wa kurudi uliokatika inapata 19 hivi, na hiyo ni kabla ya kuhesabu mguso mbovu wenyewe. Kifaa kinaamka kikila kidogo, kinafika hatua ya kuwasha redio zote mbili, mkondo unaruka, volti zinaporomoka, kinaanguka. Ndiyo maana kilianguka karibu sekunde ileile kila mara.

Dawa ya haraka: vichwa vimekatwa na kubanwa upya pande zote mbili. A7 imetulia bluu. Dawa ya kweli ni kebo ya shaba, na imeagizwa mita 75. Ingekuwa AC Lite ya toleo la 802.3af, kebo hiihii mbovu ingeibeba: kwa volti 48 mkondo unaotakiwa ni kama ampea 0.14 na kinachopotea njiani ni volti 1.3 tu. Lakini alumini haitabaki ndani ya kuta hizi kwa hoja hiyo. Kebo zote zinazozidi mita 40 zitapimwa kwa njia ileile.

Siku ya 7: bluu iliyotulia, na bado hakuna mtandao

Hii ndiyo sura ngumu kuliko zote za kadi, kwa sababu taa inasema ukweli na msomaji anaelewa vingine. Tumekusanya hali nne ambazo akses pointi ni bluu tulivu na mwanafunzi bado analalamika.

Kwanza, fiba ya nje imekatika. Akses pointi inaona rauta, rauta inajibu, bluu inabaki. Jibu liko kwenye boksi la fiba ofisini. Taa ya PON ikiwa kijani iliyotulia, boksi limesajiliwa kwa mtoa huduma. PON ikipepesa, linajaribu kusajiliwa. LOS ikipepesa nyekundu, mwanga haufiki: fiba imekatika, imekunjwa mno, au kichwa chake kimechomoka. Msimamizi asome LOS kabla ya kupanda ngazi yoyote. Kichwa cha fiba kisiangaliwe kwa jicho kamwe. Mwanga wa GPON (mfumo wa fiba wa aina hii) unaoingia ni wa nanomita 1490, jicho halioni, lakini upo.

Pili, mtandao upo ila ni mzito. A5 ni AC Pro kwenye swichi ya PoE, na taa yake haikuwa na kasoro yoyote. Taa ya tundu lake kwenye swichi ndiyo iliyosema: chungwa badala ya kijani. Kwenye swichi hii, na nyingi nyingine, kijani ni gigabiti na chungwa ni megabiti 10 au 100. Maelezo huwa yamechapwa usoni mwa swichi, yasome kabla ya kuamini. Gigabiti inahitaji jozi zote nne. Megabiti 100 inatosheka na nyaya 1, 2, 3 na 6. Swichi yetu hupeleka umeme kwenye nyaya hizohizo nne, kwa hiyo jozi ya bluu au ya kahawia ikikatika, akses pointi inaendelea kula na kufanya kazi kwa sehemu ya kumi ya kasi, ikiwa bluu. Jozi hiyohiyo ikikatika kwenye A3 ya injekta ingeleta giza. Kosa moja, sura mbili, kulingana na umeme unapita waya gani. Kwa A5 waya wa kahawia ulikuwa umekatika ndani ya kichwa. Umebanwa upya, taa ya swichi imekuwa kijani.

Tatu, mtandao wa GHz 5 hauonekani kwa muda baada ya kuwasha. Akses pointi hizi za dari zina taa moja kwa redio mbili. Ikiwa chaneli iliyochaguliwa iko kati ya zile za rada, 52 hadi 144, kifaa hulazimika kusikiliza sekunde 60 kabla ya kurusha chochote. Pale zinapofuatwa kanuni za Ulaya, chaneli za eneo la rada za hali ya hewa, 120 hadi 128, husubiri dakika 10. Bluu imetulia, GHz 2.4 ipo, GHz 5 bado kimya. A11 ilikuwa kwenye 124. Imehamishiwa 44, ambayo haisubiri.

Nne, programu ya kudhibiti imezimwa. Hapa hakuna hitilafu. UniFi iliyokwisha kusajiliwa huendelea kutoa Wi-Fi bila programu, na bluu hubaki. Kinachokufa ni ukurasa wa wageni, kama unaendeshwa na programu hiyo. Kwa hiyo bluu haithibitishi kwamba tunaweza kukifikia kifaa kwa mbali.

Siku ya 8: nyeupe iliyotulia mahali isipotakiwa

A2, iliyokuwa ikifanya kazi, imeonekana nyeupe tulivu. Kifaa kilichosajiliwa hakirudi huko chenyewe: kitufe cha riseti kimebonyezwa. Kitundu chake kinaingia ncha ya klipu ya karatasi, na kushikilia kwa sekunde 5 hadi 10 kunatosha kufuta kila kitu. A2 iko ukutani usawa wa kichwa.

Kurudisha: sahau A2 kwenye programu, kisha isajili upya. Kama haijitokezi, kompyuta na akses pointi haziko kwenye mtandao mmoja wa ndani, au ukuta wa moto wa kompyuta unazuia milango ya mtandao inayotumika: UDP 10001 ya kugundua na TCP 8080 ya usajili. Njia ya mkono ni kuingia ndani ya kifaa kwa amri za maandishi (SSH) kwa jina na nywila za kiwandani, ubnt na ubnt, na kuandika set-inform http://anwani:8080/inform, ukiweka anwani ya kompyuta yenye programu. Kama rauta haikugawa anwani, kifaa hujipa 192.168.1.20, ipe kompyuta anwani kwenye mtandao huohuo kwanza. A2 imepandishwa darini.

Siku ya 9: zisizo UniFi

EAP za TP-Link zinatofautiana kwa toleo, kwa hiyo kadi yake inaandikwa baada ya kusoma lebo. Za zamani zenye rangi: kijani tulivu ni kazi ya kawaida, njano inayopepesa ni fimwea inaandikwa, nyekundu inayopepesa ni hitilafu ya mfumo wenyewe. Za taa ya rangi moja huongea kwa mdundo tu: kupepesa mara mbili ni kumaliza kuamka, mara moja kila sekunde ni fimwea, haraka haraka ni riseti au "tafuta kifaa". A8 ni ya rangi moja, A4 ni ya rangi. Kadi mbili tofauti, hakuna njia ya mkato.

MikroTik ya ofisini ina jambo moja la kushika: kitufe chake kina maana tofauti kulingana na muda, na taa ya USR ndiyo saa yako. Shikilia kitufe, kisha chomeka umeme. Taa ikianza kupepesa, ukiachia hapo mipangilio inafutwa. Endelea kama sekunde 5, taa inatulia: ukiachia hapo kifaa kinaingia hali ya kudhibitiwa na MikroTik nyingine, na mtu ambaye hakukusudia hivyo atadhani kimeharibika kwa sababu hakitoi Wi-Fi tena. Endelea hadi taa izime, na kinatafuta kompyuta ya kukiwekea mfumo upya kwa Netinstall, programu ya MikroTik ya kazi hiyo. Makosa mengi ya riseti za MikroTik ni ya kuachia kidole hatua moja mbele. Kwenye kadi ya A1 tumeandika tu: USIGUSE KITUFE, PIGA SIMU.

Siku ya 10: AC Lite iliyokwama

Stoo kulikuwa na AC Lite iliyotupwa kwa kuwa inapepesa nyeupe milele. Umeme umepimwa, mzima. Kwa hiyo ni fimwea. Hatua: shikilia riseti, chomeka umeme, usiachie hadi taa izunguke nyeupe, bluu, giza, nyeupe, bluu, giza. Ilichukua kama sekunde 20. Mzunguko huo ni hali ya TFTP, njia sahili ya kutuma faili kwa mtandao; kifaa kiko 192.168.1.20 kikisubiri faili. Kompyuta ikapewa 192.168.1.25, Wi-Fi yake ikazimwa ili isipoteze njia, faili ya fimwea (bin) ya toleo hilohilo ikatumwa kwa TFTP kwa hali ya binary, inayotuma faili bila kubadilisha chochote. Nyeupe na bluu zilianza kupokezana, na hapo mikono ikawekwa mbali na meza kwa dakika 10. Iliamka, ikatulia nyeupe. Jaribio la kwanza lilikataa kwa sababu hali ya binary ilisahaulika.

Sasa tuna akiba mbili.

Siku ya 12: kadi imebandikwa

Ukubwa ni A5, imepitishwa kwenye plastiki, na nakala ya pili iko ndani ya mlango wa kabati la swichi. Juu kabisa mfuatano wa kusoma: boksi la fiba kwanza, tundu la swichi pili, akses pointi mwisho. Msimamizi amejaribiwa kwa video sita bila kuambiwa majibu. Tano alizisema sawasawa. Ya sita, bluu inayokonyeza, aliita "imetulia" kwa sababu aliangalia sekunde 3 tu, na kipindi cha kukonyeza ni kirefu zaidi ya hapo. Neno IMETULIA kwenye kadi sasa linadai kuhesabu hadi 20, siyo 10.

Bado: kebo ya shaba ya A7 haijafika. Zaidi ya hiyo, kebo nne kati ya saba zinazozidi mita 40 zimepimwa, mbili ni alumini, ya A3 na ya A11. A3 inatangulia, kwa kuwa iko kwenye injekta.